Sanamu ya Madamu Odile

"Nakupa mpaka alasiri," alisema Ramzi Haddour. "Ikiadhiniwa na gauni halijaonekana, napiga simu polisi, na huyu atatoka hapa na pingu."

Huyu aliyesemwa alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono kaikunja kifuani, macho kayatupa sakafuni. Jina lake Jalia, Mganda wa Masaka, miaka ishirini na minne, na alikuwa amefanya kazi ya usafi katika nyumba hiyo miezi ishirini na miwili. Ilibaki miwili mkataba uishe arudi kwao. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye droo ya meza aliyoiegemea bosi wake, na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa bosi huyo huyo.

Dorah Nanjala alitazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili ya Machi 2007, na alasiri ya Mirdif, Dubai, ingeingia kabla ya saa kumi. Alikuwa na saa tano na ushei. Huko nyuma alikuwa askari kanzu Mombasa kwa miaka tisa, na sasa alikuwa na mwaka wa tatu katika kampuni ya ulinzi yenye ofisi Oud Metha, ambako cheo chake kiliandikwa kwa maneno marefu yasiyoeleza chochote. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: arbabu, yaani tajiri mwenye nyumba, akipotelewa na kitu na hataki gari la polisi lionekane getini, anaitwa Dorah.

"Funguo za chumba cha juu, lilikowekwa gauni, ni ngapi?" aliuliza.

"Mbili. Wangu, na unaotundikwa kwa mlinzi getini. Jalia anauchukua kila asubuhi saa moja, anatia sahihi, anasafisha, anaurudisha."

"Hakujawahi kuwa na wa tatu?"

"Wa marehemu mama yangu. Ulipotea alipofariki, miaka kumi na sita sasa."

"Na wanaoingia ndani ya nyumba hii ni nani na nani?"

"Watatu. Mimi, Jalia, na mlinzi akiitwa."

Alipokuwa anasema watatu, bibi mmoja mfupi, kanga begani, alikuwa anamwekea kahawa mezani. Ramzi alikichukua kikombe bila kumtazama aliyekileta. Dorah alipokea chake, akashukuru, akaona kwamba mkono mmoja wa miwani ya bibi yule ulikuwa umevunjika na kufungwa uzi mweupe. Bibi akamsogelea, akaokota unywele mmoja begani kwake, akauviringa kati ya vidole, akamtia kiganjani.

"Usiache nywele zako nyumba za watu, mwanangu," alisema kwa Kiunguja laini, akashika sinia lake akaenda zake.

Dorah akautia unywele mfukoni, maana hakujua afanye nao nini kingine. Ramzi hakuonyesha kama amesikia. Alikuwa Mlebanoni wa miaka arobaini na minne, aliyekulia Beirut na kumalizia ujana Dubai, na kwa wafanyakazi wake alizungumza Kiingereza tu, tena kifupi.

Akamsukumia Dorah karatasi za kitabu ambacho kilikuwa bado kiwandani: *Miaka Hamsini ya Haddour*. Dorah akasoma harakaharaka, kalamu mkononi. Mwaka 1957 Madamu Odile Haddour alifungua chumba kimoja cha ushonaji Beirut. Mwaka 1962 akaonyesha gauni jeupe la harusi lenye mshono ambao hata Paris hawakuujua: maelfu ya vitundu vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi, vimepangwa kama nyota. Kitabu kilisema aliuota mshono huo usingizini, akajifungia miezi tisa, akaushona kwa mkono wake peke yake. Bibi harusi aliyeliagiza alivunja uchumba, gauni halikuvaliwa, lakini wake za wafalme walianza kupanga foleni. Vita vilipozidi, mwaka 1984, nyumba hiyo ya ushonaji ikahamia Dubai pamoja na makasha yake. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na kisa cha kuchekesha wasomaji: mafundi wa Beirut walikuwa na tabia ya kuficha unywele wao ndani ya pindo la gauni la harusi ili na wao wapate waume, na Madamu aliwakataza.

"Ijumaa gauni linaingia kwenye kasha la kioo," alisema Ramzi. "Kasha linazibwa kabisa, halifunguliwi tena. Litapita miji mitano. Bila gauni hilo hakuna maonyesho, na bila maonyesho jina la mama yangu limekwisha."

"Uligundua saa ngapi?"

"Saa mbili. Mpiga picha alikuwa amekuja. Nimefungua sanduku, karatasi tupu."

"Mara ya mwisho uliliona lini?"

"Alhamisi."

Dorah akaandika: Alhamisi hadi Jumanne. Kisha akamwomba Jalia ampeleke juu.

*

Chumba cha juu kilikuwa na baridi kupita haja, na kilijaa wanawake wasio na vichwa. Ndivyo kilivyomjia Dorah alipofungua mlango, na hakuona haya kusita pale kizingitini. Sanamu za kushonea thelathini na moja zilisimama kwa safu juu ya miguu ya chuma, kila moja na mwili wake: huyu kifua, huyu nyonga, huyu bega moja limeinama. Shingoni mwa kila sanamu kulishonwa kitambaa chenye jina.

"Ni mteja," Jalia alieleza kwa sauti ya chini. "Kila mteja iko na yake. Ndani ni mbao, juu wanazungusha pamba, halafu kitambaa. Mteja akinenepa, wanafungua hapa mgongo, wanaongeza pamba. Akikonda, wanatoa."

"Na hizi zinazotazama ukuta?"

"Hao walikufa, nnyabo," alisema Jalia, akimwita mama kwa Kiganda. "Mteja akikufa wanamgeuza aangalie ukuta. Ni sheria ya madamu mkubwa."

Waliogeuzwa walikuwa kumi na wanane. Dorah aliwahesabu kwa ncha ya kalamu. Migongo yao ilielekea chumbani, na kila mgongo ulikuwa na mshono wa wima, uzi umegeuka manjano kwa umri. Mmoja tu, mwishoni mwa safu ya wafu, aliwatazama. Kitambaa cha shingoni kiliandikwa *Odile*.

"Huyu mbona yuko hivi?"

Jalia hakusogea. "Jumapili nilifungua nikakuta amegeuka. Niliambia mlinzi, akanicheka. Mimi simgusi huyo. Tena ananenepa."

"Ananenepa vipi?"

"Jumapili tumbo ilikuwa kidogo. Jana imeongezeka. Leo imekuja mbele, kama mtu ana mimba. Na kila asubuhi nasikia udi humu ndani, na hakuna mtu anachoma udi."

Dorah alitamani kucheka kama mlinzi, lakini na yeye alikuwa anausikia. Ulikuwa udi wa zamani, uliofifia, na ulitoka upande ule wa sanamu.

"Kuna kitu kingine hujaniambia?"

"Ngazi." Jalia akaonyesha mlango. "Mimi nalala kile chumba chini ya ngazi. Jana alfajiri, baada ya adhana, kitu kilikuwa kinapanda. Tup. Halafu kimya. Halafu tup. Sio miguu ya mtu, nnyabo. Mtu anapanda tap-tap-tap. Hii ilikuwa inajivuta."

Nje ndege ikashuka kuelekea uwanjani, chini kiasi kwamba vioo vilivuma, na sanamu zote thelathini na moja zikatetemeka juu ya miguu yao. Jalia alifumba macho. Dorah akaona hapo pa kuanzia. Akachukua chaki ya fundi iliyokuwa kwenye meza ya kukatia, akachora mstari chini ya mguu wa kila sanamu ya safu ile, akakaa juu ya stuli akasubiri. Zilipita ndege nne. Sanamu zilitetemeka mara nne, na hakuna hata moja iliyohama kwenye mstari wake. Alipojaribu kuisogeza moja, ilimlazimu aikumbatie kwa mikono miwili. Basi si ndege. Yuko mtu aliyemkumbatia marehemu Odile akamgeuza.

Akaenda kwenye kufuli. Halikuwa na mkwaruzo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa ajili ya kiyoyozi. Akafungua sanduku refu la kadi ambamo gauni lilihifadhiwa, na hapo akakaa muda mrefu. Karatasi laini za kufungia zilikuwa ndani, zimekunjwa kwenye mikunjo yake ya zamani, moja juu ya nyingine, kona kwa kona. Mwizi hukwapua akaondoka. Huyu alikunja karatasi.

Simu ikalia. Alikuwa Lawrence, mwenzake wa kazini, aliyetumwa kwa mawakala wa mizigo Naif tangu saa nne. Daftari la getini lilionyesha kwamba jana Jalia alitoka na furushi kubwa, na Ramzi alilishikilia furushi hilo kama ushahidi wake wote.

"Boss, nimeipata hiyo parcel kwa cargo ya Kampala kabla ipakiwe," alisema Lawrence. "Jamaa amefungua nikiona. Mashuka mbili, thermos, na viatu za shule pea tatu. Hakuna gauni."

"Umepapasa ndani ya viatu?"

"Hadi soksi nimepapasa. Huyu msichana ako clean. Sema tu kuna barua, sikuisoma."

"Funga kila kitu kama kilivyokuwa. Na uje Mirdif, sitaki kuwa peke yangu hapa."

"Kuna noma?"

"Hapana. Njoo tu."

Akamtazama Jalia. "Viatu vya shule ni vya nani?"

"Watoto wa dada yangu. Alikufa mwaka jana." Kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka. "Sasa nikifungwa hapa, wao watakula nini?"

Dorah alimpa kitambaa, akarudi kwenye kazi.

*

Gauni lilielezwa vizuri kwenye daftari la nyumba: hariri nyepesi, halina vijiti wala vyuma vya kulisimamisha, uzito kilo moja na robo. Dorah alisoma mstari huo mara mbili. Watu wote, yeye mwenyewe akiwemo, walikuwa wanafikiria gauni la harusi lililojaa mlango. Hili lingeweza kukunjwa likaingia kwenye mfuko wa unga, au likazungushwa mwilini kama kanga.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na daftari lingine, la vipimo, kila mteja ukurasa wake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mwenye nyumba. *Odile. Kifua 92, kiuno 71, nyonga 98. Imefungwa 1991.* Dorah alichukua futi ya kushonea, akamzungushia sanamu kiunoni. Kitambaa kilikuwa baridi, na harufu ya udi ilimjaa puani.

Kiuno kilikuwa sentimita themanini na tatu.

"Jalia, njoo unisaidie kumgeuza."

"Siwezi, nnyabo."

"Unaweza. Ukitaka kuwanunulia wale watoto viatu vingine mwakani, njoo ushike upande huo."

Jalia alikuja. Wakaikumbatia sanamu kila mmoja upande wake, wakaizungusha hadi mgongo ukaelekea taa. Mgongo wa kila maiti katika safu ile ulikuwa na uzi wa manjano. Wa Odile ulikuwa na uzi mweupe, mpya, uliopakwa nta ukang'aa, na mshono wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba Dorah aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa.

Basi hapakuwa na la ajabu. Mfu anayetazama ukuta mgongo wake unaonekana na kila anayeingia, na mwenye kushona mshono mpya mgongoni hana budi kumgeuza ili auelekeze ukutani. Marehemu hakugeuka ili amtazame mtu. Aligeuzwa ili mgongo usionekane. Dorah alimweleza Jalia hivyo, kwa sauti ya kawaida, na yeye mwenyewe akajisikia afadhali.

Akachukua wembe wa kufumulia, akakata nyuzi kumi na mbili. Pamba ikafunguka, na chini yake ikatokea hariri nyeupe. Akaivuta kidogo. Ilikuwa na vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, vimepangwa kama nyota.

Alikuwa ameviona vitundu hivyo. Mwaka 1999, Mji wa Kale, alikamata gunia la kofia zilizoibwa, kofia nyeupe za kushonwa kwa mkono, na hakimu mmoja mbishi alimlazimisha azieleze moja baada ya nyingine mbele ya mahakama. Alijua fundi wa kofia huanza wapi, huzungusha uzi mara ngapi, hufichaje ncha. Mshono uliodaiwa kuotwa Beirut ulikuwa juu ya vichwa vya wanaume wa Mombasa na Unguja tangu kabla Odile hajazaliwa.

"Jalia. Yule bibi aliyeleta kahawa ni nani?"

"Bi Mastula? Huyo ni wa zamani sana, alikuwa wa madamu mkubwa. Analala nyuma ya jiko. Lakini yeye hapandi juu, magoti yamekufa."

Watatu, alisema Ramzi, huku wa nne akimwekea kikombe mbele yake. Na wa nne alikuwa amefunga miwani yake kwa uzi mweupe uliopakwa nta.

*

Mlango wa chumba cha nyuma ya jiko ulikuwa wazi. Bi Mastula alikuwa amekaa kitandani, amevaa buibui linalonukia udi ule ule wa juu, na furushi dogo limewekwa miguuni. Dorah alifunga mlango, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Umechelewa, mwanangu," alisema Bi Mastula. "Nilidhani utakuja baada ya kahawa ya pili."

"Ulikuwa unakwenda wapi, bibi?"

"Kwa Ramzi, kumwambia. N'navuta miguu tu."

"Ufunguo wa tatu?"

Bibi akauvuta kutoka shingoni, umefungwa kwenye uzi. "Alinipa Odile siku anakata roho. Hakuna aliyeniuliza."

"Unapandaje ngazi?"

"Kwa makalio. Daraja moja, napumzika, daraja la pili. Ndiyo yaliyonibakia."

"Na Jalia analala chini ya ngazi hizo, anadhani ni jini. Amesimama tangu asubuhi anangojea pingu kwa ajili yako." Dorah hakukusudia kupandisha sauti, lakini ilipanda. Alikuwa amekasirika. "Kwa nini hukusema saa mbili?"

Bi Mastula aliinamisha kichwa. "Niliogopa. Miaka arobaini na minane niko katika nyumba hii, sina kwetu, sina mtu. Si jibu, najua. Mtoto wa watu nimemtesa."

Akaeleza bila kuulizwa tena. Baba yake alikuwa fundi wa kofia Malindi, Unguja, na yeye alijifunza akiwa na miaka saba. Mwaka 1959 mume wa Odile alifika kununua vitambaa, mkewe akaona kofia, akaulizia mkono ulioishona. Mastula alikuwa na miaka kumi na saba alipopanda meli. Gauni alilishona kwa miezi tisa, mlango umefungwa kweli kama kitabu kinavyosema, ila aliyefungiwa ndani ni yeye.

"Na wale wasichana wa Kibeiruti wakaniambia, tia nywele zako pindoni, mwaka hauishi utaolewa. Nikazing'oa tatu, nikatia. Ujinga wa usichana. Gauni halikuvaliwa, likafungiwa. Na mie nikafungika nalo."

"Ulitaka kuzitoa."

"Kwetu nywele hufukiwa, mwanangu. Haziachwi mikononi mwa mtu. Ijumaa wanazitia kwenye kioo, wanakiziba, wanazizungusha dunia. Mie nife huku, nizikwe huku, na sehemu yangu inasafiri? Sikutaka gauni. N'nataka nywele zangu tu. Lakini macho haya yana mtoto wa jicho, na pindo refu, sikumbuki nilizitia wapi. Nikawa nafumua shibiri moja kila alfajiri, nairudishia kwa kupapasa na sindano niliyoitunga mchana juani, kisha namfichia Odile, kila siku likikunjika vibaya zaidi. Nilijua hatoniuza, huyo."

Dorah akamwambia jambo ambalo hakulazimika kumwambia. "Bibi, ukizitoa zote, hakutabaki kitu chochote duniani kinachoonyesha kwamba gauni lile ulishona wewe. Unalijua hilo?"

Bi Mastula alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

*

Walipanda juu saa tisa kasorobo, na safari hii Lawrence, aliyekuwa amefika, alimbeba bibi mgongoni kama mtoto. Ramzi aliitwa. Dorah alifumua mgongo wote wa sanamu mbele yake, akalitoa gauni, akalitandaza juu ya meza ya kukatia. Likafunika meza kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ramzi aliligusa kwa vidole viwili kama anayehakikisha. Dorah akamweleza: karatasi zilizokunjwa, kiuno kilichonenepa, uzi wenye nta, ufunguo wa tatu. Alisema kwa ufupi na hakupamba.

"Khalas," alisema Ramzi kwa Kiarabu, imekwisha, kisha akaendelea kwa Kiingereza chake cha amri. "Msichana hana kosa. Basi napiga simu kwa ajili ya huyu."

"Piga," alisema Dorah. "Ila polisi watauliza huyu mama alikuwa anatafuta nini ndani ya gauni. Nitaulizwa na mimi. Nitasema nilichoambiwa, kwamba pindoni zimo nywele za fundi aliyelishona."

"Mama yangu alilishona."

"Basi zitakuwa za mama yako. Fungua tuone."

Ramzi alimkazia macho, kisha akaashiria kwa mkono. Jalia, ambaye macho yake ndiyo yaliyokuwa mazima kuliko ya wote pale, alipewa wembe. Alifumua taratibu, kichwa kimeinama, akifuata pale Bi Mastula alipoishia. Shibiri ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ndege ikapita juu ya nyumba, na sanamu zikatetemeka nyuma yao. Shibiri ya tano Jalia akasimama.

"Ziko hapa," alisema.

Zilikuwa tatu, zimeshikizwa kwa mshono mmoja kila mmoja. Zilikuwa fupi na za kipilipili. Dorah akainamisha taa.

Zilikuwa nyeupe pe.

"Nilizitia nyeusi," alisema Bi Mastula polepole. "Nilikuwa na miaka ishirini. Nilizitia nyeusi, Wallahi."

Dorah alijaribu kulieleza jambo hilo kwa nta, kwa mwanga, kwa dawa za kuhifadhi hariri, kisha akatazama nywele zilizochungulia chini ya mtandio wa bibi yule. Zilikuwa fupi, za kipilipili, nyeupe vile vile. Akaacha kutafuta maelezo. Lawrence alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni.

Ramzi alivuta stuli akakaa. Ule uso wa amri ulikuwa umemtoka.

Bi Mastula aliingiza kucha chini ya mshono, akazitoa mbili, akazifunga kwenye ncha ya kanga yake na kukaza fundo. Wa tatu akauacha pale ulipo. Akaanza kurudishia pindo juu yake, lakini uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Alijaribu mara tatu. Mkono ulikuwa imara, macho ndiyo yaliyomwangusha.

"Nipe hiyo sindano, Bi," alisema Ramzi. "Nikutungie."

Alisema kwa Kiunguja, Kiunguja kisafi cha mtoto aliyelelewa nacho. Jalia akageuka kumtazama. Miezi ishirini na miwili hakuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kiswahili. Ramzi alilamba ncha ya uzi, akaipitisha tunduni mara moja, akamrudishia bibi, na Bi Mastula akaipokea kama mtu aliyezoea kupokea kutoka mkono huo.

"Huu mmoja ubakie," alisema huku akishona. "Siku moja mtu atafungua aulize wa nani."

Ramzi hakubisha. Alitoa ufunguo wa droo mfukoni, akamnyooshea Jalia bila kumtazama usoni, na Jalia akashuka ngazi akikimbia. Walimsikia akifungua droo huko chini.

Dorah alikuwa ameshatoa fomu ya ripoti. Juu ya meza ile ile, kando ya pindo, akajaza tarehe, saa na mahali. Kwenye nafasi ya matokeo aliandika mistari miwili, akaigeuza karatasi, akampa Ramzi atie sahihi kama utaratibu unavyotaka.

Ramzi akasoma. *Gauni limepatikana. Halikuwa limetoka mikononi mwa mwenyewe.*

Adhana ya alasiri ilianza msikitini, ikaingia hadi ndani ya chumba kile kilichozibwa madirisha. Bi Mastula alikata uzi kwa meno. Ramzi akachukua kalamu, akatia sahihi.